Msitu Usiokaliwa na Watu

Mwezi uliopita alikuja nyumbani kwangu kijana mmoja, mtendaji mpya wa kata niliyoisimamia miaka ya tisini. Kijana mzuri, ana adabu zake, shikamoo aliitoa kabla hajashuka kwenye pikipiki. Kwapani alikuwa na kishikwambi. Akaniambia, babu, nimepewa kazi ya kuandika upya wasifu wa kata, na ule wako wa zamani ndio wanaoutumia mpaka leo, kila mwaka wanabadilisha namba tu. Akaanza kunisomea. Yalikuwa maneno yangu mwenyewe, nukta kwa nukta, hata pale nilipokosea kuandika "mashamba" hapajarekebishwa. Alipofika mwisho akacheka kidogo.

"Babu, hapa uliandika kwamba ng'ambo ya mto ni msitu usiokaliwa na watu. Sasa ile shule ya ng'ambo, na wale watu wote, waliota lini?"

Nilimwambia kichwa kinaniuma, na kweli kilikuwa kinaniuma. Akanywa chai yake akaaga. Jibu lake ndilo hili hapa, na kwa kuwa ni refu nimeona niwaandikie nyie wote mnaoingia kwenye kazi ya utendaji, mlisome mkiwa mmekaa. Mkichoka njiani pumzikeni, ila mfike mwisho, maana mwisho ndio wenye kazi.

Kwanza mjue mimi nilikuwa nani. Niliajiriwa nikiitwa Katibu Kata, baadaye wakabadilisha cheo wakaniita Afisa Mtendaji wa Kata, suruali ikabaki ileile. Enzi hizo hakuna Mkoa wa Katavi. Mpanda ilikuwa wilaya ndani ya Rukwa, wakubwa wa mkoa wako Sumbawanga, na sisi tuko huku na mbung'o wetu. Kata yangu sitaitaja, watu wake wengine bado wapo hai na hawajaniruhusu. Ukitoka Mpanda kama unaelekea Sibwesa, unaiacha barabara kubwa, unaingia miomboni mpaka uanze kujuta, hapo ndipo inapoanzia. Vijiji vitatu, mabani ya kukaushia tumbaku, mahindi, na mto mmoja ambao masika unabeba miti mizima na kiangazi mbuzi anauvuka bila kulowa tumbo.

Wasifu wa kata ni kazi ambayo watendaji wengi wanaidharau. Wanaona ni makaratasi ya kumfurahisha bosi. Mimi nawaambia, wasifu ni karatasi inayomwambia mtu asiyewahi kufika kwenu, na pengine hatafika, kwamba nyie mpo. Kisima kinakuja kwa karatasi hiyo, mwalimu anakuja kwayo, dawa zinakuja kwayo. Kilichomo kinahesabiwa kuwa kipo. Kisichomo, shauri yake.

Aliyenifundisha kuiandika alikuwa Mzee Malale, aliyekuwa Katibu Kata kabla yangu. Mkonongo, mwenyeji wa hukohuko, mrefu, mkavu, amestaafu na amerudia mizinga yake ya nyuki. Alikuwa na tabia ya kukusikiliza mpaka umalize, halafu anakaa kimya hadi uanze kujitilia shaka mwenyewe. Nilimchukia mwaka mzima wa kwanza. Baadaye nikawa siandiki hata barua ya kuomba chaki bila kwenda kwake.

Kosa langu la kwanza mbele yake lilikuwa la vyoo. Niliandika kwamba shule yetu ya msingi ina matundu sita ya choo. Mzee akanichukua mpaka shuleni. Akafungua mlango wa kwanza, sawa. Wa pili, sawa. Wa tatu kulikuwa na majembe na fagio. Wa nne, mbao za mwalimu mkuu. Wa tano umefukiwa zamani, na wa sita kuna kuku amelalia mayai. Mzee akamtazama yule kuku, akanitazama mimi. "Na huyu umemwandika darasa la ngapi?" Akafunga mlango taratibu, kuku asishtuke. Tangu siku hiyo sijawahi kuhesabu mlango bila kuufungua.

Umbali alinifundisha kupima kwa baiskeli. Unafunga kitambaa chekundu kwenye spoku, unahesabu kila kinapopita juu, halafu unazidisha kwa mzunguko wa gurudumu. Mara ya kwanza mbung'o walinivamia nikiwa nimefika mia tatu na kitu, nikawa napiga shingo kwa mkono mmoja na kuendesha kwa mwingine. Hesabu ikaniponyoka, nikakisia. Ile barabara niliyoikisia ndiyo lori la saruji lilikuja kuishiwa mafuta katikati yake, na dereva wake alikuwa na mdomo mchafu sijapata kuona. Mwarobaini wa jambo hilo ni kokoto mfukoni. Kila mizunguko mia unahamisha kokoto moja kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto, basi hata mbung'o akikuuma hesabu yako inabaki mfukoni.

Ng'ombe wa Wasukuma usiulize ni wangapi. Ndugu zetu hao walikuwa wanaanza kuingia kwa wingi miaka hiyo, na ukimuuliza mtu idadi ya ng'ombe wake anakuona mchawi au mwizi. Unakaa, unakunywa maziwa uliyopewa, unauliza habari za majani na maji, halafu kama utani unamuuliza wanachunga vijana wangapi. Hapo unakisia, na hukosei sana.

Lakini kubwa kuliko yote ilikuwa ni namna ya kuhesabu kaya. Mzee Malale alikuwa hahesabu kwa kuuliza. Ukienda mlango kwa mlango na daftari, watu wanaona serikali imekuja, mwanamume anatoka kwa mlango wa nyuma na mwanamke anakuambia wako wawili tu. Yeye alikuwa anapanda kichuguu alfajiri, wakati wa kiangazi ambapo hakuna ukungu, anahesabu moshi. Kila jiko lina moshi wake. Unahesabu mara tatu, siku tatu, unachukua hesabu iliyojirudia. Alinipandisha kwenye kichuguu kikubwa nyuma ya ofisi, akanikabidhi kama mtu anayekabidhi shamba.

"Andika ulichokiona," aliniambia. "Usiandike ulichoambiwa. Na usiandike ulichokihurumia."

Nilidhani nimemwelewa.

Kiangazi kile wilaya ilitoa agizo kwamba kila kata ilete wasifu mpya. Nikapanda kichuguu siku ya kwanza, nikahesabu vijiji vyangu vitatu, vizuri kabisa. Nilipogeuka kushuka nikaona kule ng'ambo ya mto, ambako ramani inaonyesha miti tu, kumekaa moshi mwembamba mwembamba mwingi. Nikadhani ni warina asali. Siku ya pili nikahesabu. Mioshi arobaini na mmoja. Siku ya tatu, arobaini na mmoja. Warina asali hawapiki uji wote kwa saa moja kila siku.

Nikavuka na baiskeli yangu begani. Njia ilikuwa pana, imekanyagwa ikang'aa. Upande wa pili nikakuta migomba michanga imepangwa, maharage yamevunwa yanapigwa fimbo uani, nyumba za udongo zimefagiliwa kuliko ofisi yangu. Watu walisimama wote kwa pamoja. Hawakukimbia, walisimama tu na kunitazama.

Walikuwa watu wenye asili ya Burundi. Wametoka kwenye makazi ya wakimbizi, ambako wengine wao ndiko walikozaliwa. Ardhi kule imechoka na watoto wameongezeka, basi wakajiondokea kidogo kidogo kutafuta udongo, bila kibali. Siku hizo mtu wa makazi kutoka bila kibali lilikuwa kosa, na redio ilikuwa haishi habari za vita kwao na za watu kurudishwa. Mahali pao walipaita Tulieni.

Aliyezungumza kwa niaba yao alikuwa mwanamke, Mama Leokadia. Mjane, mfupi, sauti ya chini. Alinipa kigoda, akaniletea ndizi za kuchemsha na maharage. Mtoto wake wa mwisho, Imelda, alikuwa na miaka minne, na wakati wakubwa wananiogopa yeye aliiendea baiskeli yangu moja kwa moja akapiga kengele. Akacheka. Akapiga tena. Mama yake alitaka kumzuia, nikasema mwache. Niliongea na wale watu kutwa nzima, na kengele ikilia muda wote.

Nilipotoa daftari, Mama Leokadia akaweka mkono wake juu ya ukurasa. Hakunigusa mimi, aligusa karatasi.

"Bwana Mtendaji, sisi tunakuomba kitu kimoja. Usituandike. Ukituandika umeita magari ya kuturudisha."

Nikamweleza kwamba wakiandikwa ndiyo watapata kisima, na shule, na watoto watachanjwa. Akasikiliza yote. Akasema magari yakija hakutakuwa na mtoto wa kupeleka shule. Akaniuliza kama mimi naweza kumwahidi kwamba hayatakuja. Sikuweza. Nani angeweza kuahidi? Nikafunga daftari. Wale watu walishukuru mpaka nikaona aibu, wakanifungia maharage kwenye kitambaa, nikavuka mto nikijiona mtu mwema sana.

Njiani nilipita kwa Mzee Malale. Nilimkuta anachonga mzinga. Nikamweleza yote, nikamwambia mzee, nifanyeje? Akaendelea kuchonga.

"Moshi umeuona?"

"Nimeuona."

"Sasa unaniuliza nini?"

Niliondoka nimekasirika. Nilijisemea mzee amekuwa na roho ngumu kama mizinga yake.

Usiku huohuo niliandika. Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kosa lenyewe. Ningeweza kukaa kimya juu ya ng'ambo ya mto. Ningeacha pengo, na mtu makini angeliona pengo akauliza. Lakini mimi nilipenda kazi yangu ionekane imekamilika, mipaka yote minne imeelezwa. Basi mpaka wa magharibi nikaupa sentensi yake: ng'ambo ya mto ni msitu usiokaliwa na watu. Nikaisoma kwa sauti. Ilikaa vizuri mdomoni. Mungu anisamehe, niliipenda ile sentensi.

Mpanda, mama wa taipu aliipiga kwenye stensili. Nyie hamkuijua stensili. Ni karatasi laini yenye nta, taipu inaitoboa herufi kwa herufi, halafu inapakwa wino na kurudufiwa nakala nyingi. Ukikosea unapaka dawa nyekundu inayonuka kama rangi ya kucha, na bado kosa linaonekana. Ikishatobolewa imetobolewa. Wasifu wangu ukatoka safi, ukagawiwa kila idara. Wakubwa wakausifu. Wenzangu wengine walikuwa wamenakili za miaka iliyopita, mmoja hata kaandika mwalimu mkuu aliyekwisha kufa. Ikaamuliwa niitwe Mpanda siku nne niwafundishe wenzangu namna ya kuandika wasifu.

Nikaenda. Nilivaa shati jeupe. Niliwafundisha habari za kokoto mfukoni, za kuku wa chooni, wakacheka sana. Niliwafundisha moshi. Nilisimama mbele ya watendaji wenzangu nikawaambia wapande vichuguu wahesabu moshi, na mimi nimeacha mioshi arobaini na mmoja bila kuiandika. Sijui ni uso wa namna gani niliokuwa nao.

Siku ya pili asubuhi nilikuta gari la chanjo linapakiwa uani. Surua ilikuwa imeingia upande wa kusini, na wilaya ilikuwa inawahi kuchanja watoto kabla haijasambaa. Nesi aliyekuwa anasimamia aliitwa Adelina, mama wa makamo, mchapakazi, kalamu nyuma ya sikio. Anapanga chupa kwenye makasha ya barafu, na mkononi ana wasifu wangu. Alikuwa anahesabu watoto wa kila kitongoji kwa karatasi yangu. Akaniona, akafurahi. Wenzangu watatu wanne walikuwa wamesimama pale na mimi, ndiyo tunaelekea darasani.

"Bwana Mtendaji, bahati nzuri upo. Dawa hazitoshi, nagawa kwa hesabu. Huku mwisho, mtoni, nibebe za akiba au hizi zinatosha?"

Nilikuwa na muda wa kutosha kabisa. Hakuna aliyekuwa ananiharakisha. Nilimwona Imelda na kengele, nawaambia ukweli, nilimwona. Ningeweza kumvuta yule mama pembeni nikamwambia dada, vuka mto, wapo watoto, usiniulize zaidi. Asingeniuliza. Nesi hachanji kibali, anachanja mkono. Lakini wenzangu walikuwa wananitazama, mwalimu wao, mwenye wasifu wa mfano, na kusema vile ni kusema kwamba karatasi yangu inadanganya.

Nikasema, "Zinatosha. Chukua kama ilivyoandikwa."

Akatia alama kwa kalamu yake, akaingia kwenye gari.

Yaliyotokea huko nilisimuliwa baadaye, na yeye mwenyewe na wengine waliokuwepo. Walichanja vijiji vyote vitatu. Wakafika mtoni, maji ya kifundo cha mguu. Akaiona ile njia pana iliyong'aa, ikiingia majini na kutokea upande wa pili. Akamuuliza mwenyekiti wa kijiji inakwenda wapi. Mwenyekiti naye alikuwa anawajua watu wa Tulieni, mkewe alikuwa ananunua maharage kwao, na yeye pia alikuwa anawahurumia. Akasema ni njia ya warina asali. Na ng'ambo, watu waliposikia mlio wa gari, waliwabeba watoto wakajificha porini mpaka mlio ulipoisha. Kila mtu alikuwa mwema siku ile.

"Niliiona njia," Nesi Adelina aliniambia. "Moyo ukakataa kabisa kuwa ni ya asali. Nikatazama karatasi yako. Karatasi yako ilikuwa nzuri, nikaiamini."

Nilirudi kwenye kata kwa lori la mahindi. Zikapita kama wiki tatu, mimi nikiendelea na kazi, nikisuluhisha kesi za mbuzi na mipaka. Siku moja mwenyekiti akaja ofisini asubuhi, kofia ameishika mkononi. Hakukaa. Akasema huko ng'ambo mambo si mazuri. Nikamuuliza mambo gani. Akasema watoto.

Kesho yake alfajiri nilipanda kichuguu. Sijui kwa nini sikuvuka moja kwa moja. Nadhani nilitaka namba kwanza, ndiyo ugonjwa wetu watu wa kazi hii. Nikahesabu. Ishirini na saba. Nikahesabu tena nikidhani nimeruka. Ishirini na saba. Nyie mnajua, nyumba yenye msiba jiko lake haliwashwi, majirani ndio wanaopika. Na mama aliyembeba mgonjwa kwenda kutafuta hospitali hawezi kuwasha moto nyumbani. Majiko kumi na manne yalikuwa hayana moshi. Miaka yote nilikuwa nahesabu walio hai kwa njia ile, sikuwahi kufikiria kwamba inaweza kuhesabu na kinyume chake.

Nilikaa chini pale juu ya kichuguu nikalia. Mzee Malale alikuwa anapita chini na mizigo yake ya porini. Aliniona. Hakuendelea na safari. Alisimama mpaka niliposhuka, akaishika baiskeli, tukavuka pamoja.

Mama Leokadia alikuwa amekaa nje kwenye mkeka, wanawake wenzake wamemzunguka. Sikuhitaji kuambiwa. Baiskeli ilipita pale mbele yake, na hakuna mtoto aliyeikimbilia.

Nilipiga magoti. Nilikuwa nimepanga maneno ya kusema, maneno ya pole, na pia, nisiwafiche, maneno ya kujitetea, kwamba wao wenyewe ndio walioniomba. Nilianza hivyohivyo. Nikasema, mama, siku ile mlisema nisiwaandike. Akanyanyua macho. Hakuwa na hasira, na ingekuwa nafuu kwangu kama angekuwa nayo.

"Ndiyo, nilisema mimi. Mimi nilikuwa naogopa, Bwana Mtendaji. Wewe ulikuwa unaogopa nini?"

Mpaka leo nalijibu lile swali. Wakati mwingine najiambia niliwahurumia, na ni kweli. Lakini huruma ilikuwa nusu tu. Nusu nyingine ni kwamba kaya arobaini na moja zisizo na kibali zingefanya wakubwa waniulize zimeingia lini na mimi nikiwa wapi. Na kule uani Mpanda, mbele ya makasha ya barafu, haikuwepo hata hiyo nusu ya huruma. Kule nilikuwa naogopa kuchekwa.

Kisha Mama Leokadia akaniuliza kama lile daftari ninalo. Nikalitoa. Safari hii hakuweka mkono juu yake.

"Waandike," akasema.

Akaanza na wake. Imelda, miaka minne. Mwanamke wa pembeni akasema wa kwake. Na mwingine. Nilikuwa naandika, na Mzee Malale amesimama nyuma yangu akirudia kila jina polepole ili nisikosee herufi, maana baadhi yalikuwa majina ya Kirundi na mimi nayaandika kama ninavyoyasikia. Yalikuwa tisa. Wote chini ya miaka mitano.

Siku hiyohiyo nikapanda baiskeli kwenda Mpanda, sikungoja lori. Nilipeleka majina tisa na mioshi arobaini na mmoja, nikasema mbele ya wote pale ofisini kwamba sentensi yangu ilikuwa ya uongo na niliijua hivyo wakati naiandika. Nesi Adelina alikuwepo. Hakunitazama. Gari la chanjo lilitoka kesho yake likavuka mto. Mimi nilipewa barua ya onyo, na nikaona ni ndogo.

Na magari? Mnataka kujua habari za magari yaliyoogopwa vile. Alikuja afisa mmoja, peke yake, akakaa kwenye kigoda kilekile nilichokalia mimi. Akaandika kila mtu, akaondoka. Baada ya miezi wakaletewa vibali vya kulima palepale walipo, na miaka mingi baadaye wengi wao wakapewa uraia. Magari hayakuja. Hayakuja mwaka ule wala mwaka uliofuata. Pengine yangeweza kuja, kwingine yalikwenda, sijui. Ninachojua ni kwamba kwetu hayakuja, na kila nikikumbuka hilo chakula kinanishinda.

Mama Leokadia bado yupo. Ni bibi sasa, anatembelea fimbo. Tunasalimiana kanisani. Hajawahi kuniambia amenisamehe na mimi sijamuomba aniambie. Mara moja, kwenye harusi, niliegesha baiskeli karibu na alipokaa, mtoto mmoja akapiga kengele, sote wawili tukageuka. Tangu siku hiyo natembea kwa miguu.

Basi wewe kijana wa kishikwambi, najua utasoma haya. Umeniuliza wale watu waliota lini. Hawakuota. Walikuwepo, niliwaona kwa macho yangu mawili, siku tatu mfululizo. Nakala za ile stensili walikuwa wamekwisha kuzigawa nilipokwenda kukiri, na nani alikuwa na muda wa kukusanya nakala? Kila aliyekuja baada yangu alinakili, na sasa sentensi yangu imeingia kwenye mashine yako.

Nasikia unataka kuifuta. Nakuomba usiifute. Pita nyumbani kwangu uchukue daftari. Lina jalada la bluu, panya wamelila pembeni lakini maandishi yapo. Humo kuna ukurasa ambapo neno Tulieni liliandikwa kwa mara ya kwanza na mtu wa serikali. Ukurasa huo una watu tisa, na siku nilipowaandika hakuna hata mmoja wao aliyekuwa hai. Iache sentensi yangu ilivyo, na jina langu liwe pembeni yake. Chini yake waandike hao tisa, mmoja mmoja, na miaka yao. Anza na Imelda.